Barua ya wazi kwa viongozi wa York: kabla ya UNESCO, tunaomba basi la alfajiri na mahali pa kukaa

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Jiji la York, na kwa Mheshimiwa Meya wa York na North Yorkshire,

Salamu na heshima zitangulie. Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, na huu ni mwaka wa tisa ninaishi na kufanya kazi York. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na kuta za jiji. Kabla ya hapo nilitandika vitanda na kusafisha vyoo katika nyumba ya wageni. Kwetu kazi za namna hii za ughaibuni huitwa kubeba maboksi, na wapo wanaolitamka jina hilo kwa aibu, lakini mimi kazi yangu nimeikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu miongoni mwa wazee ninaowaogesha na kuwalisha wamo waliofungasha chokoleti katika kiwanda cha Rowntree na waliounda mabehewa katika karakana ya reli iliyofungwa mwaka 1996, na kumtunza mtu aliyeutumikia mji si kazi ndogo.

Nimeandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi ninaopokezana nao zamu waisome kwanza barua hii na kunisahihisha. Tafsiri yake ya Kiingereza itawasilishwa ofisini kwenu. Jambo lenyewe ni moja. Jiji la York linafunguliwa kila alfajiri na watu ambao hawana basi la kuwafikisha kazini, na ambao mwaka hadi mwaka wanasogezwa mbali zaidi na kuta zake. Naliweka mbele yenu sasa kwa sababu ya UNESCO.

Mwaka 2023 York iliingizwa katika orodha ya awali ya Uingereza ya maeneo yanayoweza kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Nilifurahi nilipopata habari hiyo. Jiji lililoanzishwa na jeshi la Warumi mwaka 71, ambamo mwaka 211 alifia Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, na ambamo mwaka 306 askari walimtangaza Konstantino kuwa Kaisari, linastahili kuiomba heshima hiyo. Lakini mimi nimelelewa katika mji ambao tayari unayo, na yale niliyoyaona huko ndiyo yanayonisukuma kuandika.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Faida zake sizikatai, kwa kuwa ndugu zangu kadhaa wamesomesha watoto kwa fedha za watalii. Hata hivyo nimeona nyumba ambazo katika baraza zake watu wazima walicheza bao kila jioni zikigeuzwa hoteli moja baada ya nyingine, na majirani waliotulea, wengine kwa hiari yao na wengine kwa kushindwa kodi, wakihamia Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na mashamba, hata anayefagia hoteli iliyo katika nyumba ya babu yake akawa anakuja mjini kwa daladala. Mawe nayo hayakusalimika kwa kuwa tu yalikuwa na cheti: Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka. Nilichojifunza ni kwamba watu wakishahama hawarudi, na kwamba hesabu yao hufanywa wakiwa wameshaondoka. York bado ina nafasi ya kuifanya mapema.

Naomba nieleweke kwamba sina kinyongo na fedha zinazotumika kutunza majengo. Nikipata nafasi huingia katika kanisa kuu, Minster, nikakaa mbele ya Dirisha Kuu la Mashariki, ambalo John Thornton wa Coventry alilitengeneza kati ya mwaka 1405 na 1408 kwa mkataba uliotaja ujira wake wa kila wiki, ujira wake wa kila mwaka, na pauni 10 za nyongeza kazi itakapokamilika. Katika miaka yetu hii dirisha hilo lilishushwa, vipande vyake 311 vikasafishwa na kutengenezwa kimoja kimoja, na kazi hiyo ilichukua takriban miaka 10 kabla vioo vyote havijarejeshwa mahali pake mwaka 2018. Hakuna aliyesema ni muda mrefu mno. Waashi wa Minster wanaendelea hadi leo kuchonga mawe mapya ya chokaa kuziba yale yaliyoliwa na mvua na moshi, na kila mtu mjini anaelewa kwamba kanisa lililojengwa kwa miaka 250 halisimami bila mikono ya kila siku. Ninaloomba ni kwamba uelewa huohuo uvuke mlango wa kanisa na kufika kwa wanaotandika, wanaopika, wanaosafisha na wanaouguza.

Nianze na basi, kwa kuwa ndilo linalotuumiza mara nyingi zaidi.

Zamu yangu ya asubuhi huanza saa moja kamili. Siku za kazi basi la kwanza hunifikisha nikiwa nimebakiwa na dakika chache za kuvua koti na kunawa mikono. Jumapili basi la kwanza kutoka ninapokaa hufika mjini zamu ikiwa imeshaanza kitambo, ilhali wazee huamka Jumapili saa ileile wanayoamka siku nyingine, wakihitaji kugeuzwa, kuogeshwa na kupewa dawa. Mwenzangu mmoja anayesafisha ofisi huanza saa kumi na moja alfajiri, na mwingine anayeandaa kifungua kinywa cha watalii hotelini huanza nusu saa baada ya hapo. Kwao wawili hakuna basi siku yoyote ya wiki. Teksi hunigharimu zaidi ya ninachokipata kwa saa nzima ya kazi, maana yake ni kwamba saa ya kwanza ya zamu ya Jumapili humfanyia kazi dereva. Wakati Askofu Mkuu John Sentamu, mzaliwa wa Uganda aliyeshika kiti cha York kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, alipoongoza tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2014 juu ya ujira unaomtosha mtu kuishi, wengi wetu Waafrika tulijivuna. Lakini ujira, hata ukipanda, unaishia njiani kama kufika kazini kwenyewe kunanunuliwa kwa bei hiyo.

Basi tunatembea. Kutoka kwangu ni zaidi ya saa moja kwa miguu, na wakati wa baridi, jua likiwa halijachomoza hadi baada ya saa mbili, njia huwa na giza na barafu. Njia fupi ni ile ya kandokando ya mto Ouse, nayo haitegemeki, kwa sababu Ouse hufurika mara kwa mara na gati la King's Staith huwa chini ya maji bila ya mtu kushangaa. Wakongwe ninaowahudumia husimulia bado Novemba 2000, maji yalipopanda mita 5.4 juu ya kiwango cha kawaida, na Krismasi ya mwaka 2015, mafuriko yalipoingia katika zaidi ya majengo 600 ya jiji. Jumapili moja ya Januari niliteleza kwenye barafu nikaumia kiwiko. Nilifika kazini nikiwa nimechelewa dakika 40, na mwenzangu wa zamu ya usiku, ambaye alikuwa ameshasimama kwa saa 12, hakuweza kuondoka mpaka nilipoingia mlangoni, kwa kuwa wazee hawawezi kuachwa peke yao. Alinifunga kiwiko kwa bendeji kabla ya kuchukua mkoba wake. Sikumsikia akilalamika, na kwa kuwa hakulalamika sijaisahau asubuhi ile.

Natambua kwamba tatizo hili halikuanza kwenu. Tangu sheria ya usafiri ya mwaka 1985 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, nje ya London makampuni ndiyo yanayoamua basi lipite wapi na saa ngapi, na mabaraza yamebaki kununua kwa ruzuku zile safari ambazo kampuni haioni faida kuziendesha. Kikomo cha nauli cha pauni 3 kwa safari, kilichowekwa Januari 2025 baada ya kile cha pauni 2, kinatusaidia kweli katika safari za kurudi. Lakini nauli nafuu ya basi lisilokuwepo haimfikishi mtu kazini. Mlango wa kisheria, hata hivyo, upo. Sheria ya mabasi ya mwaka 2017 iliwapa mameya wa mamlaka za pamoja, yaani zile zinazounganisha mabaraza kadhaa, uwezo wa kuyarudisha mabasi chini ya usimamizi wa umma, na Greater Manchester iliutumia, ikaanza Septemba 2023 na kumaliza Januari 2025. Zaidi ya hapo, Septemba 2024 huko huko Manchester walianza majaribio ya kuendesha njia mbili usiku kucha, kwa kuwa walizingatia kwamba hospitali, maghala na hoteli havilali. York na North Yorkshire imepata mamlaka yake ya pamoja Februari 2024 na Meya wake wa kwanza Mei mwaka huo. Kwa hiyo jibu la kwamba hakuna mwenye uwezo huo, tulilolizoea kwa miaka mingi, sasa limepitwa na wakati.

Hatuombi mambo makubwa ya kutisha. Tunaomba njia tatu au nne zinazotoka katika mitaa wanakokaa wafanyakazi, mathalani Acomb, Tang Hall, Clifton na Huntington, ziwe na safari moja inayofika katikati ya jiji na hospitali kabla ya saa kumi na moja alfajiri na nyingine kabla ya saa kumi na mbili na nusu, siku zote saba, Jumapili ikiwemo kwa jina lake katika ratiba. Na kabla hamjapanga ratiba hiyo, waulizeni waajiri wa nyumba za wazee, hoteli na hospitali zamu zao zinabadilishana saa ngapi, kwa kuwa ninaamini ratiba za sasa zilipangwa kwa kumfikiria mwanafunzi, mtalii na karani wa ofisi, nao wote huamka baada yetu.

La pili ni nyumba. Nilipofika York nilipanga chumba katika nyumba ya matofali mekundu, katika safu ya nyumba ndogo za wafanyakazi wa zamani, mwendo wa dakika 15 kutoka kazini. Tulikuwa wanne, sote watu wa zamu, tukigawana jiko, bili na habari za nyumbani. Jirani yetu wa ukutani alikuwa bibi wa miaka zaidi ya 80 aliyetuachia ufunguo wake wa akiba, na kila aliyetoka zamu ya usiku alipita kumtazama kama amefungua mapazia. Mwaka wa nne mwenye nyumba alitupa notisi ya miezi miwili. Hakuwa mtu mbaya, na alituambia ukweli: wageni wa wikiendi chache, za mbio za farasi na za soko la Krismasi, wangemlipa zaidi ya kodi yetu ya mwezi. Tuliondoka, mmoja akaenda Selby, mmoja Leeds, na mimi nikapata chumba pembezoni mwa jiji. Nikipita mtaa ule leo, karibu na milango kadhaa kuna visanduku vya funguo vyenye namba za siri, na masanduku yenye magurudumu yanakokotwa juu ya mawe kila Ijumaa. Yule bibi alibaki hapo kwa muda akiwa hajui nani yuko upande wa pili wa ukuta wake, kisha wanawe wakamhamishia katika nyumba ya wazee. Naomba mlifikirie jambo hilo kwa utaratibu, kwa kuwa baraza ndilo linalobeba sehemu kubwa ya gharama za matunzo ya wazee: mpangaji wa kudumu aliyeondolewa alikuwa akifanya bure kazi ambayo sasa inalipiwa.

Najua kwamba sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 inaondoa notisi ya kufukuzwa bila sababu, na naishukuru. Lakini haimzuii mwenye nyumba ambayo mpangaji wake ameondoka kuigeuza malazi ya siku mbili mbili. London ina ukomo wa usiku 90 kwa mwaka kwa nyumba zinazopangishwa hivyo bila kibali cha mipango miji. Scotland imeweka leseni kwa upangishaji wa namna hiyo tangu mwaka 2022, na jiji la Edinburgh limekwenda mbele zaidi kwa kupitisha, mwaka 2025, tozo ya asilimia 5 ya gharama ya malazi kwa wageni wanaolala jijini. York, iliyo ndogo kuliko London na Edinburgh na yenye wageni wanaohesabiwa kwa mamilioni kila mwaka, haina ukomo wa namna hiyo. Linalonisumbua zaidi ni hili: tangu mwaka 2012, mtu anayetaka kuifanya nyumba ya familia kuwa makazi ya wapangaji kadhaa wasio ndugu, yaani watu kama sisi wanne, lazima aombe kibali kwa baraza; ila anayetaka kuwaweka humo watalii, suala lake hupimwa nyumba moja moja, na mara nyingi baada ya majirani kulalamika. Sisemi kwamba hili lilikusudiwa. Nasema kwamba matokeo yake ni kuwa wafanyakazi wanne wanaofunga mlango saa tatu usiku wanachunguzwa kabla ya kuingia, na wageni wa karamu wanachunguzwa baada ya kuondoka. Tumieni kila nafasi ambayo sheria imewapa, na pale isipowapa, idaini serikali kuu London kwa sauti ya pamoja ya Baraza na Meya.

Kuhusu ujenzi mpya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mipango ipo tayari. Februari 2025 jiji lilipitisha mpango wake rasmi wa maendeleo, wa kwanza tangu miaka ya 1950, na nyuma ya stesheni liko eneo la York Central, ambalo kibali chake cha awali cha mwaka 2019 kinaruhusu hadi nyumba 2,500. Eneo hilo lina bahati ya kuwa mwendo mfupi kutoka kila mahali tunakofanya kazi. Ombi letu ni kwamba sehemu ya nyumba za bei nafuu zitakazojengwa hapo itengwe kwa maandishi kwa ajili ya wafanyakazi wa huduma, kwa kodi inayopimwa kwa ujira wao badala ya bei ya soko, na kwamba hati za nyumba hizo zikataze kabisa kuzipangisha kwa watalii.

York inajua kulifanya hili, na inajua kuliko mji wowote niliowahi kusikia. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, wa familia ile ya kiwanda cha chokoleti, aliwatuma watu kupita nyumba hadi nyumba katika mitaa ya wafanyakazi wa jiji hili, wakaandika kila kaya inapata nini na inakula nini, na alipotoa matokeo mwaka 1901 ilidhihirika kwamba watu 20,302, asilimia 27.84 ya wakazi wote, walikuwa katika ufukara. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba ufukara ni jambo la London peke yake. Baba yake, Joseph Rowntree, alianza mwaka 1902 kujenga kijiji cha New Earswick, chenye nyumba zenye mwanga na bustani, na hakukifanya kuwa cha wafanyakazi wa kiwanda chake peke yao. Kabla ya kukusanya nyaraka za maombi ya UNESCO, ninawaomba mfanye uchunguzi kama ule: mpite hotelini, hospitalini, katika nyumba za wazee na migahawa, muulize kila mfanyakazi analala wapi, anafikaje, anatumia muda gani njiani na kiasi gani cha mshahara wake kinaishia kwenye kodi. Matokeo yake yawe sura kamili ndani ya maombi hayo, pamoja na ahadi zinazopimika. Jiji lililojitangaza mwaka 2017 kuwa la kwanza Uingereza kuwa Jiji la Haki za Binadamu haliwezi kupata mahali panapofaa zaidi pa kuonyesha maana ya tangazo lake.

Nimekuja mara mbili ofisini kwenu West Offices, na nimesoma kwamba jengo hilo ndilo lililokuwa stesheni ya reli ya mwaka 1841, stesheni iliyokuwa ndani ya kuta, na kwamba ili treni ziweze kuingia, wakuu wa wakati ule walikubali ukuta wa kale utobolewe kwa tao. Tao lile lipo hadi leo, na wageni hulipiga picha kama sehemu ya urithi. Waliokubali litobolewe waliuheshimu ukuta, lakini waliona kwamba watu wanahitaji kuingia mjini, wakalifanyia kazi hitaji hilo.

Naomba majibu ya maandishi juu ya mambo matatu: basi la alfajiri na la Jumapili, upangishaji wa siku chache, na uchunguzi wa makazi na usafiri wa wafanyakazi kabla ya maombi ya UNESCO. Naomba pia kikao chochote mtakachotuita kiwekwe mchana kati ya zamu, kuanzia saa tisa na nusu, kwa kuwa wengi wetu jioni tunakuwa kazini na hatuwezi kuja kujisemea. Wenzangu 11 wameisoma barua hii na kukubali kuja.

Jumapili ijayo nina zamu ya saa moja.

Wenu katika kuutumikia mji,

Mhudumu wa wazee, mkazi wa York